La

Mimi fundi wa vyerehani, si wa vinanda.
Walinifuata kwa sababu Nyangao nzima
hakuna mwingine mwenye bisibisi ndogo.
"Profesa amerudi," wakasema, "anataka la ipone."
Kwangu mimi la ni hapana.
Nikabeba begi, nikaenda kuiponya hapana.

Nikamkuta ukumbi wa misheni, viatu kavua:
Walburga binti Nachundu,
ambaye mama yake aliuza togwa geti la hospitali.
Miaka arobaini na moja Praha. Kwanza akipiga
mbele ya watu waliovaa vizuri na kukohoa kwa zamu,
kisha akifundisha chuoni, ghorofa ya tatu,
vinanda viwili na dirisha lisilofunguka.

Akabonyeza. Do, re, mi, fa, so,
halafu *tk*, kama ukucha kwenye meza,
na papo hapo, meno yamefumba,
la ikatoka puani mwake.
"Samahani," akasema. "Mazoea."

Nikafungua mbao ya mbele. Akasimulia.
Alipoanza kujifunza, akiwa na miaka minane,
la ilikuwa imeshakufa. Panya, alisema.
Sista Notburga akamwambia: koo unalo, jaza.
Akajaza miaka tisa.
Ulaya akakuta vinanda vizima,
kila noti inaitika abee,
lakini mdomo haukujua kunyamaza.
Shindano la kwanza wakamkata alama:
mshiriki anaguna.
La pili akauma leso,
akasahau kurasa mbili.
La tatu akaguna mpaka mwisho, akashinda,
na gazeti likaandika kuwa ndani ya kinanda
kulikuwa na mtu wa pili.

Wanafunzi wake walipata tabu.
Alichomeka kitambaa kati ya nyuzi, noti moja ikafa,
kila wiki noti nyingine,
akawaambia wapige hivyo hivyo.
"Usipoisikia kabla hujaigusa,
kidole kitakupa kelele tu."
Wengine walihamia kwa profesa mpole.
Mmoja alikaa miaka sita hajaambiwa vizuri,
siku ya kuagana akaambiwa, "Sasa nakusikia,"
akashindwa kushuka ngazi.

Nami mkono uko ndani mpaka kiwiko.
Nikatoa maganda ya korosho,
pamba ya kiota, mavi ya panya kweli,
nyundo moja iliyovunjika shingo,
na chini yake, imekabwa barabara,
penseli fupi yenye alama za meno.
Meno madogo.
Ubavuni imechongwa kwa wembe: W.N.

Aliipokea kwa vidole viwili.
Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa anapara samaki.
"Sista aliitafuta wiki nzima," akasema.
"Niliogopa fimbo."
Halafu, baada ya muda:
"Miaka sitini nimemsingizia panya."

Sikujibu. Nilikuwa natafuta shingo.
Mchongaji Chinguile akanipa kijiti cha mpingo,
ile mabaki ya sikio la kinyago;
nikakichonga, nikakitia gundi, nikakifunga uzi wa cherehani,
kichwa nikakivika pamba ngumu ya kofia yangu mwenyewe.
Kikalala usiku kucha.

Asubuhi akapiga.
Ilipofika, la ikalia,
nzito kidogo, ya kijijini, lakini ikalia.
Na yeye akaguna vilevile.
Sauti mbili zikapishana kwa unywele,
yake juu, ya kinanda chini.

"Nikaze uzi?" nikauliza.
"La," akasema.
Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Nilisema elfu nane. Akatoa kumi,
chenji akaikataa.
Penseli ilikuwa juu ya kinanda, imechongwa upya,
na kwenye karatasi ya nota, kwa mwandiko wa kitoto,
alikuwa ameanza kuandika saa za masomo:
Jumanne, Alhamisi, watoto wa geti la hospitali,
bila malipo, waje na koo.