Daftari la Kuzikana

Mwaka wa kumi na tisa huu mimi ni katibu
wa chama cha kuzikana, Igawilo.
Nani kaleta mchele, nani kuni,
nani elfu mbili na maneno mengi,
wote nimewaandika kwa kalamu ya bluu.
Aliyekuja kwako, utakwenda kwake.
Hiyo ndiyo katiba. Vifungu vingine ni mapambo.

Jino langu lilianza kucheza kabla sijasikia ngoma.
Damu kwenye mswaki: nikalaumu mswaki.
Harufu ya asubuhi: nikatafuna karafuu.
Cha kuvunda hakina ubani.
Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio,
nilisoma michango kwenye msiba wa mzee Mwasomola
kanga mdomoni,
watu wakadhani nalia.

Daktari Nyagawa, pale mjini chini ya Loleza,
aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.
"Mama Tusekile, jino ni zima. Udongo ndio umeondoka."
Nikauona mfupa wangu umelika
kama ukingo wa barabara ya Tukuyu baada ya masika:
mti bado umesimama,
mizizi nje, aibu tupu.

Kisha akatoa kichupa.
Chembechembe nyeupe, mfano wa chumvi ya mawe,
hazijazi hata kizibo cha soda.
"Ni mfupa wa mtu," akasema, na akanipa muda.
"Alifia mbali. Aliacha neno: nikifa, toeni.
Umeoshwa, umekaushwa, umepimwa magonjwa."
Nikauliza, jina lake nani?
Akageuza kichupa. Palikuwa na namba.

Sisi wafu wetu tunawajua.
Anyelwisye wangu yuko nyuma ya nyumba;
migomba ya upande ule inanenepa
na hakuna anayesema kwa nini.
Na huyu, ambaye matanga yake sikuyaandika,
aje kulala kinywani mwangu?
Hata fisi kuna mfupa uliomshinda.

Wiki mbili nilikaa na swali hilo.
Nilikula parachichi, viazi vya kuponda, parachichi.

Nikarudi. Ganzi, na mdomo ukawa wa jirani.
Akafunua ufizi kama anayefunua jalada,
akakwangua, akatia, akashona,
huku akimuuliza nesi bei ya gunia la viazi Uyole.

"Huu hautakaa milele," aliniambia baadaye.
"Huu ni bua tu. Mfupa wako ndio maharage.
Utautambaa taratibu, miezi sita, minane.
Bua litaoza, maharage yatabaki.
Au yasipande. Sikufichi."
Maharage nayajua.
Nilimwelewa kuliko alivyojielewa:
mtu yule atakwisha mara ya pili,
ndani yangu, bila tangazo.

Usiku, na uji wa vuguvugu upande wa kushoto,
nilifungua ukurasa mpya.
Mleta: nikaiandika ile namba.
Alicholeta: mfupa, nusu gramu.
Safu ya mwisho ni ya deni, nani aende kwa nani.
Kalamu ikasimama hapo mpaka uji ukapoa.

Jumamosi walimzika utingo mmoja wa malori.
Ndugu hawakupatikana,
watu wa Jiji wanatafuta mabega ya kubeba.
Katiba yetu haimtambui;
hakutuchangia hata njiti ya kiberiti.
Nilikwenda, na sanda mpya kwapani,
shavu limevimba upande mmoja.
Mchimba kaburi akaniuliza, wewe ni nani wake?
Ganzi haikuwepo tena, ila sikuwa na jibu.

Niliporudi sikuandika "limelipwa".
Niliandika "tumeanza", nikapiga mstari.

Ulimi, uliokatazwa, unapita pale kwenye nyuzi
unahesabu: moja, mbili, nne.
Ya tatu kila siku unaikosa,
unarudi kuanza upya.