Uji Kwenye Mdomo wa Juu

Muuguzi pale Tukuyu hakushika kifaa chochote.
Alichovya kidole kwenye uji wa ulezi,
akampaka Lwitiko juu ya mdomo, akasema:
haya baba, ramba.

Ulimi ukafika kwenye meno ya chini, ukakwama.
Ncha ikabonyea katikati kama kopa ya karata.
Mwanangu akanitazama,
kisha akajifuta uji kwa mkono wa sweta
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele za watu.

Ana udata, muuguzi akaandika.
Miaka miwili na miezi minane.
Nikarudi naye mgongoni, mvua ikitupiga ubavuni.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi.
Udata! Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.
Sisi huku hatuna hiyo R mnayomdai mtoto.
Mlima tunauita Lungwe
tangu hakuna aliyeuchora kwenye ramani.
Mwacheni, anaongea kwao.

Tupokigwe wa nyumba ya pili akasema ni kimeo,
yupo mzee anakata.
Nikamwambia kimeo kiko nyuma kooni, huu uzi uko chini ya ulimi.
Akasema, wembe si ni uleule?

Usiku nikawasha tochi ya simu.
Ambakisye, toa ulimi.
Akadhani utani. Nikammulika.
Uzi uleule, mfupi, mweupe ukingoni,
umeshikwa chini kama mbuzi kwenye kigingi.
Miaka sita nimelala na mtu huyu.
L yake nzito nilidhani ni ya mapenzi.

Mbona mimi naita wakulima sabini kila asubuhi
pale kwenye mizani ya chai, na wote wanaitika?

Sikuwa na jibu. Nikazima tochi.
Mvua ikahama bati la jikoni, ikaja letu.
Baadaye sana, nikijua amelala, akasema:
darasani nilikuwa sinyooshi kidole.
Jibu nilikuwa nalo.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka, lakini alikaa.
Uzi mfupi peke yake siyo ugonjwa, mama.
Wapo wanaozeeka nao.
Akampima masikio kwanza; masikio mazima.
Akasema mkasi haununui maneno,
hata tukikata, kusema atafundishwa.
Nenda naye nyumbani wiki mbili. Mwangalie.

Nikachukua daftari la hesabu za maziwa,
nikaligeuza nyuma mbele.
Sikuandika anachokosea.
Kukosea, nani hakukosea? Niliandika alichoacha.

Maharage. Anayaweka shavuni,
jioni nayatoa kwa kidole, yamepoa.

Ng'ombe wetu Lulu. Alikuwa anamwita Yuyu,
asubuhi nzima Yuyu, mpaka tunachoka.
Sasa ananivuta kanga, ananyoosha mkono.

Parachichi. Binamu zake walicheka mara moja tu.
Sasa anasimama chini ya mti, anasubiri lianguke.

Jina lake.
Hili niliandika, nikafuta, nikaandika tena.
Akiulizwa unaitwa nani, anatazama viatu.

Jumatatu tunapanda Mbeya.
Nimeshasema, na mama mkwe ameshanuna, na nauli ipo.
Lakini nikikunja nguo zake ndogo, nasita:
kama huu uzi ni kosa,
yule aliyeuleta ndani ya damu yake,
ambaye sauti yake naisikia getini na moyo unatulia,
naye nimwite nani?

Leo asubuhi Ambakisye alichukua kidole cha uji,
akajipaka mwenyewe mdomo wa juu.
Akampaka na mtoto.
Ndimi mbili zikatoka mezani, zikahangaika,
kopa kubwa, kopa ndogo,
hakuna hata moja iliyofika.

Lwitiko akamtazama baba yake muda mrefu.
Halafu akacheka, kwa sauti, mdomo wazi wote.

Nikawapa kitambaa kimoja.