Futikamba

Cherehani yangu na banda la gemu tunagawana ukuta,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
na luku tunagawana, na Mbelwa mwenye banda
hunidai nusu hata mwezi niliopigia pasi ya mkaa.
Kwa hiyo nina haki ya kuchungulia.

Nikachungulia.

Yule mwanamume wa kwenye kioo nilimpima kwa jicho:
kifua inchi sitini na nne, shingo hana,
kichwa kimewekwa juu ya mabega
kama kifuniko juu ya pipa.
Nikauliza: huyu mgongo anajikunaje?
Vijana wakacheka, hawakugeuka.

Na yule mwanamke.
Kiuno inchi kumi na sita.
Nimeshona miaka thelathini na moja,
nimeshonea maharusi waliotoka kulazwa Bombo,
kumi na sita sijaishika ila kwa mtoto wa mbeleko.
Anakwenda vitani. Huko kuna mikuki, kuna mazimwi, kuna theluji.
Amevaa chuma bega moja
na tumbo kaliacha wazi, mshale usipate taabu.
Mwenzake wa kiume kafunikwa chuma hadi kidevuni.
Nikasema: fundi aliyekata nguo hii
alibakiwa na kitambaa, hakurudisha.

Singano ana miaka kumi na saba,
mbavu zake ukizihesabu hukosei.
Tangu mfungo uliopita ananyanyua makopo ya rangi
yaliyojazwa zege, nyuma ya gereji.
Kila Ijumaa: Shangazi, nipime.
Thelathini na tatu.
Ijumaa nyingine, thelathini na tatu.
Siku moja, Mungu anisamehe,
niliilegeza futikamba kidogo, nikasema thelathini na nne.
Akatoka kwangu upandeupande,
kana kwamba mlango haumtoshi.

Saumu anawapiga wote. Ana miaka kumi na miwili
na kila siku huchagua lile jitu lenye ndevu.
Kwa nini si yule wa kike?
Akajibu bila kuondoa macho kwenye kioo:
“Nikiwa yeye, hawapigani.
Wanamzungusha tu, wamtazame nyuma.
Nikiwa na ndevu naachwa nicheze.”
Uzi ulinikatikia. Sikuutunga tena mpaka magharibi.

Ikaja gemu mpya, mtu unamuumba mwenyewe.
Kuna kidude unakisukuma:
kulia mtu ananenepa, kushoto anakonda.
Wakaniita niwasomee daftari.
Saumu alimtaka mama yake, wa kiwanda cha katani.
Nikafungua ukurasa: Mgeni Shekiondo,
bega kumi na nane, kifua arobaini na sita,
kiuno arobaini na nne, nyonga hamsini na mbili,
bega la kushoto limeshuka, kwa ajili ya robota.
Saumu akasukuma kulia. Akasukuma.
Kidude kikagota, na yule mwanamke bado kigoli,
bado kiuno cha nyigu.
Mbelwa akaigonga pedi gotini, akaipuliza.
Kimegota.

Singano akaichukua, kimyakimya,
akasukuma kushoto, ajitafute.
Kikagota mapema zaidi, jitu likiwa bado jitu,
misuli ya tumbo imepangwa kama mikate kwenye sinia.
Aliiweka pedi chini polepole
kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Futikamba yangu inaishia inchi sitini,
na mtu akizidi hapo, naunga kamba.
Sijawahi kumwambia mteja: rudi nyumbani, umegota.

Saumu aliniomba chaki na karatasi ya kaki.
Alimchora mama yake sakafuni, kwa ukubwa wake,
akatembea juu ya karatasi kwa magoti,
bega la kushoto akalishusha palepale linaposhuka.
Halafu akaanza tumboni kuchora chuma.
Chuma kingi. Karatasi ikaisha, nikamkatia nyingine.

Ijumaa Singano alikuja kama kawaida.
Akavua shati, akainua mikono,
akatazama ukutani.
“Shangazi,” akasema,
“leo usiilegeze.”