Mwaka Tulioishusha Kengele

Miaka ishirini na miwili nilivuta kamba,
saa tatu kasoro dakika kumi, kila siku ya shule,
mvua ikinyesha, na katika bonde hili la Wales
mvua ni kama riba, hailipiki ikaisha.
Kengele ya shaba, iliyotoka machimbo ya mawe,
ambako babu yangu aliisikia kabla ya kila baruti.
Nami, Idwal, mfagiaji, mshika funguo,
nilijiona nusu mwalimu:
siku haikuanza mpaka nianze mimi.

Ndipo akaja Gwion, darasa la pili.
Kengele ikilia alijikunja chini ya meza,
viganja masikioni, akiuma ukosi wa sweta
mpaka uzi ukafumuka.
Nilisema, nakiri nilisema: atazoea.
Pasaka ikafika, hajazoea.

Mwalimu mkuu, Bi Heulwen, akatuita sote,
walimu, wapishi, mimi na funguo zangu,
akautandaza mtaala juu ya meza ya chakula
kama mshonaji na kitambaa.
"Nguo hii," akasema, "ilikatwa kabla mvaaji hajapimwa,
kisha tukamlaumu mtoto kwa mabega yake."
Nikaguna. Maneno ya semina hayo.
Akanigeukia.
"Na kengele je, Idwal?"

Sikupata usingizi.
Alfajiri nikapanda ngazi na spana.
Nati ilikuwa imeoana na kutu, ikagoma, ikalia, ikaachia,
na kengele ikashuka mikononi mwangu
nzito kuliko nilivyodhani.
Fundi akafunga taa, moja kila darasa,
na moja kubwa uwanjani, juu ya mlango,
za kijani, zinazowaka polepole kama kunavyopambazuka.
Swichi ni yako, nikaambiwa.
Swichi! Kidole kimoja, kazi ya mtu mzima.

Jumatatu ya kwanza nikaibonyeza kwa hasira,
na wa kwanza kufika mstarini,
wa kwanza, mbele ya wakimbiaji wote,
alikuwa Nest, binti wa dereva wa lori la maziwa,
aliyezaliwa kiziwi.

Miaka minne alikuwa wa mwisho.
Miaka minne, moyoni, nilimwita mzembe,
kumbe alikuwa akisoma migongo ya wenzake
ili ajue saa imefika.
Kengele ile ile: kwa Gwion nyundo,
kwa Nest si kitu,
na mimi katikati, navuta kamba, najisifu.

Sisemi yote yamenyooka.
Somo la sehemu bado linatutoa jasho.
Bi Heulwen analifundisha kwa mikate, kwa vigae vya mawe,
kwa Kiwelisi, kwa Kiingereza, kwa vidole,
na bado Cadog anashikilia kwamba theluthi inaizidi nusu
kwa kuwa tatu inaizidi mbili.
Mzazi mmoja aliandika: mnawachelewesha wenye akili.
Barua ilijibiwa, sijui kwa maneno gani.
Najua tu kwamba binti yake alinijia juma lililofuata
akaniomba ufunguo wa stoo kwa mikono mitupu,
bila sauti, na nilipomletea ndoo
alicheka mpaka akakaa chini.

Kengele sasa iko bustanini, kichwa chini miguu juu,
imejaa udongo na vitunguu vya darasa la tano.
Gwion ndiye humwagilia.
Jana niliona akiigonga kwa ukucha,
mara moja, kidogo, alipotaka mwenyewe,
akatega sikio, akagonga tena.
Nest akaweka kiganja juu ya shaba
na nyusi zake zikapanda.
Akanitazama, akaniambia neno kwa mkono.
Sikulielewa. Akalirudia.

Alhamisi, saa ya chakula, nami najifunza ishara,
nimekaa kwenye kiti cha watoto, magoti kifuani.
Mimi ndiye wa mwisho darasani.
Nest hunisubiri.