Kitovu cha Gurudumu

Lubor, usifungue oveni.
Leo hamna keki ya tufaha mle,
mna habu ya nyuma ya Jawa ya shangazi Otylie,
nyuzi mia na ishirini, mara ya pili tangu jana.
Ukisikia harufu, vumilia.
Nami nilimvumilia samaki wako wa Krismasi
siku tatu akiogelea kwenye bafu letu.

Theluji ya Vysočina imeziba mlango wa gereji,
ndiyo maana nimehamia jikoni na magazeti yangu.
Spoki thelathini na sita nimezifunga kwa uzi kama mchicha.
Kipete cha kubania beringi kilitoka kwa matusi:
kiliruka, kikagonga saa ya ukutani, kikapotea.
Bado kimepotea.

Beringi hazitoki kwa hasira.
Alumini hupanuka upesi, chuma ana masikio mazito;
wapashe moto pamoja, mmoja atamwachilia mwenzake.
Kisha mrija wa katikati nikausogeza kando,
nikapata ukingo, upana wa ukucha tu,
nikasimamisha nondo ya shaba, nikagonga
huku, tena kule, tena huku,
maana ukishikilia upande mmoja huenda mshazari, hukwama,
kama mtoto aliyetanguliza bega.

Shangazi alikuwa mkunga.
Miaka ishirini na sita juu ya Jawa hii, usiku, mkoba begani,
kwenda vijiji ambavyo hata posta ilivisahau.
Kitovu changu alikikata yeye.

Na kila tulipomsifu mezani
mumewe, Bořivoj, alikohoa, akasema:
"Kuendesha, aliendesha. Aliyeitengeneza ni nani?"
Akajigonga kifua. Tukamjazia glasi.
Shangazi akaendelea kukata nyama.

Ya kwanza ilidondoka gazetini: ta!
Niliizungusha kidoleni. Goroli zimechubuka,
zinasaga kama mchanga kwenye wali.
Ndani ya habu grisi ilikuwa nta nyeusi.
Nikaifuta kwa kitambaa, kwa petroli,
kwa mswaki wako, Lubor (nitakununulia mwingine),
na pale, baina ya makalio mawili ya beringi,
mahali pasipofikiwa na jicho
ila la mtu aliyefungua,
nikaona alama. Kwanza za nyundo iliyoteleza,
nyingi, zote upande mmoja: mkono wa mwanagenzi.
Halafu maandishi ya ncha ya msumari:
O. H., Februari 1967. Peke yangu.

Niliketi sakafuni nayo mapajani
mpaka ikapoa.

Bořivoj ameshazikwa,
na glasi zile tumeshazinywa.

Nje ya habu nimefanya inavyopasa:
rangi kuukuu nimeichuna, ukoga mweupe nimeukwangua,
msasa wa maji, mia nne, mia nane, elfu mbili,
mpaka vidole vyangu vikawa vya kijivu
na ukingo wake ukaanza kuonyesha taa,
halafu dirisha, halafu pua yangu, ndefu kuliko nilivyodhani.
Jirani Hynek alichungulia akasema,
mbona ndani umeacha uchafu?
Nikamwambia beringi haikai hapo.
Sikumwambia zaidi.

Mpya zimelala kwenye friza tangu jana,
kati ya plamu zilizoganda na mfuko wa mbaazi.
Habu ikitoka motoni tuna nusu dakika, haizidi:
zitazama zenyewe, bila nyundo,
kwa mlio mdogo wa mfuniko uliokubali sufuria.
Zikikataa, tutaanza upya. Msumari nimeuweka mfukoni,
sijui bado wa nini.

Haya, Lubor, chukua taulo. Sasa fungua.
Na ukikanyaga kitu chenye makali
usikitupe:
ndicho kile kipete.