Dakika Ishirini za Mawese

Ratiba niliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu:
saa kumi na mbili Kibirizi, dagaa;
saa nne Simbo, mawese, dakika ishirini;
saa saba mgebuka na ugali wa muhogo;
jioni pombe ya ndizi, kwa asiyeumwa tumbo.

Wageni sita, wa kusini ya Hispania.
Kibirizi walichambua dagaa kama daktari,
kichwa huku, utumbo kule,
nikawaambia jamani, kichwa ndicho dagaa,
mkikitupa mtakuwa mmelipia chumvi.
Mmoja tu alinisikia, bibi mfupi, Rosario,
akatafuna mzima, macho kwangu,
kama anayeweka sahihi.

Simbo tukamkuta Mama Mpozenzi
chikichi zinatokota kwenye pipa,
kanga kiunoni, mikono myekundu hadi kwenye viwiko.
Nikaanza maneno yangu ya kila siku:
hii ni chikichi, hii ni mise, hiki ni kinu.
Rosario akaomba kikombe.
Si chakula. Kikombe, na mafuta ndani, basi.

Akakifunika kwa kiganja, akakipasha joto
kama mtu aliyeokota kifaranga cha mvua.
Akanusa. Akanyonya kwa kelele, hewa na mafuta pamoja,
hadi watoto wakaangua kicheko
na Mama Mpozenzi akauliza: Ana mafua?
Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuunga.
Kwao, akasema, wanakamua zeituni;
baba yake alijua mteremko wa mti kwa ulimi.

Nilipomaliza kulieleza hilo
kinu kilikuwa kimesimama.
Mama Mpozenzi, miaka thelathini na moja ya kukamua,
alichukua kikombe kile kile.
Mafuta hayanywewi, alisema, yanaungiwa.
Kisha akanyonya. Kwa kelele.

Kumbe.

Haya ni ya bondeni, akasema, yamelala.
Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na dumu jingine,
haya ya kwa Ntakije, juu kwenye mawe, onja, yanakwaruza.
Na haya chikichi zilichelewa siku mbili.
Na haya nilikamua nikiwa na hasira na shemeji yangu.
Yote aliyajua.
Miaka saba naleta watu pale,
sikuwahi kumuuliza zaidi ya bei.

Mgebuka tuliula saa kumi, umepoa.
Ratiba ilikuwa mfukoni, ina doa jekundu
pale palipoandikwa dakika ishirini.

Jioni, kwenye pombe, yule mzee wa mvinyo
aliinua kibuyu kwenye mwanga, akauliza: Ya mwaka gani?
Muuzaji akanitazama, akamtazama.
Ya Jumanne, alijibu.
Ikifika Jumapili si pombe tena, ni kesi.

Waliondoka na treni. Rosario aliniachia kichupa,
mafuta ya kijani, kizibo kimefungwa kwa nta.
Nikampelekea mama Mwanga.
Akanusa. Akapaka goti linalomsumbua,
akalamba kidole, akanyamaza,
akalamba tena.
Yana uchungu, alisema.
Halafu, huku anatafuta sufuria:
Hawa watu, kwao, ugali wanasonga wa nini?