Kasoro

Kazi yangu ni kufuta vumbi.
Niko Joinville, chumba cha chini kisicho dirisha,
na filamu ya mwaka hamsini na nane,
picha ishirini na nne kwa kila sekunde,
moja moja, kama achambuaye mchele wa harusi.

Kila Mfaransa huapa aliiona akiwa na mama yake.
Mwanamke wa koti jeupe anangoja simu mkahawani.
Simu hailii.
Nchi nzima imelia kwa niaba yake, miaka sitini na ushei.

Dakika ya arobaini na moja anaingia mtu mweusi.
Anabeba trei. Anatua glasi. Anatoka.
Sekunde tisa.
Uso wake ni ukungu; lenzi ilikuwa na shughuli na lile koti.
Mwishoni majina yanapanda: mshona kofia, mwasha taa,
hata mbwa wa yule mwanamke katajwa,
Pompon, kwa herufi kubwa.
Yeye, hapana.

Nilimtafuta. Usiniulize sababu, zamu za usiku ni ndefu.
Huko Montreuil nikampata bintiye, Bi Herminie,
akanimiminia kahawa, akacheka hadi akashika mbavu:
“Mhudumu? Baba alikuwa mpanga herufi matbaani!
Katoka Martinique na kamusi mbili sandukuni.
Trei walimfunza asubuhi ileile, akavunja glasi sita,
na glasi wakamkata kwenye ujira.”
Kisha akakizungusha kijiko, kahawa ishapoa.
“Kila tulipokwenda kuitazama, mama alikohoa,
sekunde zile tisa, zote,
ili sisi watoto tugeuke tumwangalie yeye.”

Nikarudi chumbani na kile kikohozi.

Mtaa wa filamu ni Belleville, nao ulifagiwa:
wako wapi Waarmenia na nyundo zao za viatu,
Wakabaila wa makaa, Wayahudi wa Tunis na mapipa ya zeituni?
Mwongozaji kabakiza njiwa, mvua,
na watu wa rangi moja wenye miavuli.
Ila mlango wa mkahawa ni wa kioo.
Macho hayana pazia, wasemavyo; na kioo je?
Trei inapita, mlango unayumba,
na mle ndani, kwa picha kumi na nne, umejaa umati
uliozuiliwa nyuma ya kamba
kutazama wageni wakiigiza mtaa wake.
Mama mmoja kajitwika kapu. Mwanamume kasawijika kwa makaa.
Mtoto juu ya nguzo anautolea ulimwengu ulimi.
Hakuna aliyewaalika.

Kompyuta imewazungushia duara jekundu:
kasoro, nifute?

Nimebonyeza hapana.
Bwana Le Goarant atafoka kesho; na afoke.

Uso wa yule baba, lakini, siwezi kuurudisha.
Kile ambacho lenzi ilikataa, mashine hukibuni tu,
na uso wa kubuni ni kumfukuza mara ya pili.
Nimeuacha na ukungu wake.

Saa kumi alfajiri, nikitaka kuzima,
nikaiona glasi ikitua karibu na koti,
na kidole gumba kikiingia kwenye mwanga,
picha tatu, wazi kabisa.
Chini ya ukucha kuna weusi mwembamba,
ule wino wa matbaa usiotoka kwa sabuni.

Duara jekundu tena.
Nifute?